Usalama na Afya: Mporomoko Ndani ya Mshipa wa Kijana

Ukurasa huu huwa unasema juu ya kofia, viatu, kamba na miti ya kushikilia dari ya shimo. Safari hii tunataka kusema juu ya ukuta mwingine, ambao kapita hawezi kuukagua kwa taa yake: ukuta wa mshipa wa damu. Tunawaandikia hasa vijana, wale wa miaka 18 mpaka 35, wanaoshuka milima ya Numbi au ya Nyabibwe na mfuko wa madini mgongoni bila kupumzika hata mara moja. Ninyi ndio mnaosema, "Ugonjwa wa moyo ni wa wazee, na wa matajiri wenye vitambi." Someni kwanza, halafu mtasema.

Aliyefanya kazi shimoni anajua jinsi shimo linavyoanguka. Maji yanajipenyeza taratibu nyuma ya miti. Kwa mbele ukuta unaonekana mzima, miti imesimama, watu wanapita. Nyuma yake udongo unalowana na kuvimba siku baada ya siku. Halafu asubuhi moja, pengine hakuna hata aliyegusa kitu, mti unavunjika, udongo unamwagika na njia inazibwa. Mshipa wa damu huharibika kwa namna inayofanana sana na hiyo. Wengi hufikiri ni kama bomba la kuoshea madini linaloshika tope ndani mpaka maji hayapiti. Mfano huo si mbaya, lakini una kasoro: mafuta hayakai juu ya ngozi ya mshipa, yanaingia ndani ya ukuta wenyewe.

Moyoni hutoka mishipa minene inayopeleka damu kichwani, kwenye figo na miguuni, na mingine midogo inayorudi kuulisha moyo wenyewe, kwa maana moyo nao ni nyama inayofanya kazi na lazima ile. Ngozi ya ndani ya mishipa hiyo ni laini. Moshi wa sigara unaijeruhi. Damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi inaijeruhi. Sukari iliyozidi katika damu inaijeruhi. Palipojeruhiwa, mafuta ya damu yanayoitwa kolesteroli yanapenya na kukaa ndani ya ukuta. Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, zinayafuata ili kuyala. Zinakula mpaka zinavimba na kufa humo humo. Waganga wanaochunguza maiti huona alama yake kwa macho: mistari ya manjano kwenye ukuta wa mshipa. Mwenye mistari hiyo hasikii lolote. Anacheza mpira, anaoa, anabeba mfuko.

Miaka ikipita na visababishi vikiendelea, mistari hiyo inaweza kugeuka kuwa uvimbe wenye mafuta katikati na kifuniko juu. Kifuniko kikipasuka, damu inaganda pale pale, kama inavyoganda kwenye kidonda, na njia inafungwa. Ikifungwa njia ya kulisha moyo, sehemu ya moyo inakufa. Ikifungwa njia ya kichwani, mtu anapooza upande mmoja au anashindwa kusema. Siku hiyo ndipo jirani wanakuja mbio. Miaka 20 ya maji kupenya hakuna aliyeiona.

Je, maji huanza kupenya lini? Jibu la wazi lilitoka vitani. Mwaka 1953 waganga watatu wa jeshi la Marekani walitangaza mambo waliyoyaona walipochunguza mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wa askari hao ulikuwa miaka 22. Hawakuwa wagonjwa, walikuwa wamekubaliwa jeshini kuwa ni wazima. Hata hivyo, katika kila mioyo 100, kama 77 ilikuwa na mabadiliko katika mishipa yake. Kwa wengine yalikuwa kidogo tu, kwa wengine njia ya damu ilikuwa karibu kuzibwa kabisa.

Kati ya mwaka 1987 na 1994 Wamarekani walifanya kazi kama hiyo tena, safari hii kwa raia. Walichunguza mishipa ya vijana karibu 3,000 wa miaka 15 mpaka 34, waliokufa kwa ajali, kwa kuuawa au kwa kujiua, si kwa ugonjwa. Mshipa mkuu utokao moyoni ulikuwa na alama kwa kila mmoja wao, hata wa miaka 15. Na katika wale wadogo wa miaka 15 mpaka 19, zaidi ya nusu walikuwa na alama katika mshipa wa kulia unaolisha moyo. Waliovuta sigara, wenye tansio, wanene na wale wenye mafuta mabaya mengi katika damu, ndio ambao mabadiliko yao yalikuwa yamekomaa zaidi.

Hapo msomaji wa Kalehe atacheka na kusema: "Hao ni Wamarekani, wanakula siagi. Sisi tunakula bugali na sombe." Hoja hii si ya kijinga. Kwa miaka mingi ilikuwa kweli tupu. Mwaka 1929 muganga Mwingereza, Donnison, aliyefanya kazi upande wa Kisii, nchini Kenya, aliandika kwamba katika wagonjwa kama 1,800 waliolazwa hospitalini kwake hakumpata hata mmoja mwenye tansio ya juu. Tena aliwapima watu wazima 1,000 na kuona kwamba damu zao hazikupanda kwa uzee, kama ilivyokuwa kwa watu wa Ulaya. Mwaka 1960 waganga wa Kampala na wenzao wa mji wa St. Louis, Marekani, walilinganisha maiti 632 za Uganda na nyingine 632 za kule, za umri ule ule. Katika zile za St. Louis walikuta 136 zenye alama ya sehemu ya moyo kufa. Katika zile za Uganda walikuta moja.

Moja tu! Basi wakatokea watu waliosema kwamba damu ya Mwafrika inamlinda. Hapo ndipo walipokosea, na makosa yao bado yanasemwa mpaka leo kwenye mabaraza yetu ya pombe.

Mistari ile ya manjano imeonekana kwa vijana wa kila taifa waliochunguzwa, Afrika nayo ikiwemo. Kwa hiyo mwanzo tunao sote. Tofauti ni kama mistari itabaki mistari au itakomaa, na hilo linaamuliwa na maisha ya mtu. Ushahidi mzuri kupita wote, kwa maoni yetu, ni wa Waluo wa Kenya, kwa sababu unafanana na safari ya mchimbaji. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata vijana zaidi ya 300 waliotoka vijijini karibu na ziwa Victoria kwenda kutafuta kazi Nairobi, na wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Habari ilichapishwa mwaka 1990. Walioondoka, tansio yao ilianza kupanda katika miezi ya kwanza tu. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi, na upungufu wa potasi, ambayo ni madini tunayoyapata katika ndizi, viazi, maharage na mboga za majani. Babu mmoja, lugha moja, damu moja. Kilichobadilika ni sufuria na namna ya kuishi.

Sasa tumchukue kijana wa kwetu. Hatuna haja ya kumtaja jina, kwa sababu yuko katika kila kambi ya machimbo. Nyumbani, kando ya ziwa Kivu au huko Bunyakiri, alikula maharage, viazi vitamu, ndizi na sombe. Chumvi ilinunuliwa kwa franka, kwa hiyo mama aliitia kwa vidole viwili. Alipofika machimboni akapata franka zake mwenyewe. Sasa anakula kwenye mkahawa wa kambi, ambako mpishi anajua kwamba chakula chenye chumvi kinauza bia. Asubuhi mikate ya kukaanga katika mafuta yaliyokwisha kuwa meusi kwa kurudiwa. Mchana bugali na makayabu. Jioni mishikaki, na sambaza waliokaangwa wakakauka, na chumvi tena juu. Sigara alianza kwa kuwashiwa na rafiki, ili aondoe baridi ya mlima. Sasa anamaliza paketi. Kanyanga ni ya kulala, bia ni ya siku ya mshahara. Na usingizi wenyewe ni wa saa nne, kwa sababu ya zamu ya usiku.

Hatumlaumu kijana huyu. Kambi ndivyo ilivyo. Lakini mtu aliyemwona muganga mwenye mashine ya tansio akipita kambini na kusema "mimi niko mzima, pima wazee," huyo tunamlaumu kidogo.

Sambaza hawana kosa lolote, tuseme hivyo mapema kabla akina mama wa sokoni hawajatukasirikia. Ni samaki wazuri kwa mwili na kwa mishipa. Kosa ni mafuta yaliyochakaa na chumvi ya juu. Mawese nayo tusiyaite sumu, yametulea sote. Ila karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayopandisha kolesteroli, kwa hiyo kijiko kinatosha, si kikombe. Chumvi ndiyo adui mkubwa zaidi katika vyungu vyetu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, tena kwa vyakula vyote pamoja: ya kwenye mboga, ya kwenye makayabu, na ile iliyofichwa ndani ya vidonge vya kukolezea mchuzi.

Mchimbaji ana jibu lake hapa, nasi tumelisikia mara nyingi: "Natoka jasho sana, lazima nirudishe chumvi." Jasho linatoka na chumvi, ni kweli. Lakini mwili wa mtu aliyezoea kazi hujifunza kuishika chumvi yake, na chakula cha kawaida kinarudisha iliyopotea. Kinachopungua upesi ni maji. Chukua chupa ya maji safi shimoni, unywe kidogo kidogo kabla ya kiu kukubana. Bia baada ya zamu hairudishi maji. Inayatoa kwa mkojo.

Jibu la pili ni hili: "Kazi yangu nzito inatosha kunilinda." Nusu yake ni kweli. Kutembea, kupanda mlima na kufanya kazi kwa mikono kunasaidia moyo, na ndiyo sababu moja wazee wetu waliponea. Lakini kazi haifuti sigara. Unaweza kuwa na mikono ya chuma na mishipa iliyojeruhiwa ndani yake. Tena, kunyanyua mzigo mzito huku umezuia pumzi hupandisha tansio ghafla wakati ule ule. Mwenye mishipa mizima anavumilia, mwenye ukuta uliokwisha kulowana yuko hatarini. Pumua unaponyanyua.

Juu ya sigara hatutasema mengi, kwa sababu hakuna la kubishana. Nikotini inakaza mishipa na kuufanya moyo ukimbie. Moshi unachukua nafasi ya hewa safi katika damu. Kwa mtu anayevuta pia vumbi la mawe, mapafu yake yanapigwa mara mbili. Habari njema ni kwamba mwili hausubiri miaka kumi kukushukuru. Aliyeacha kwa mwaka mmoja, hatari aliyojiongezea ya kupatwa na ugonjwa wa moyo imepungua karibu kwa nusu. Akiacha akiwa na miaka 25, anaokoa karibu miaka yote ambayo sigara ingemnyang'anya. Kupunguza kutoka paketi hadi sigara tatu kunasaidia mfuko wa franka kuliko mishipa. Hata hizo chache zinadhuru. Ni kuacha kabisa.

Na sasa tugeuke kwa mama wa nyumba, maana mishipa yake nayo ina historia. Moshi wa kuni na wa makala ndani ya nyumba iliyofungwa unaumiza moyo na mapafu, si macho tu. Fungua dirisha, au pika nje pale mvua inapokuruhusu. Na kama tansio yako ilipanda wakati wa mimba, usidhani mambo yalikwisha mtoto alipozaliwa. Wanawake wa namna hiyo wana hatari zaidi ya tansio na ya ugonjwa wa moyo baadaye, hata wakiwa bado vijana. Mwambie muganga kila unapopimwa, hata kama hakukuuliza. Makayabu uyaloweke tangu jana yake katika maji mengi, ubadili maji mara tatu au zaidi, halafu uyapike bila kuongeza chumvi nyingine. Onja mwisho, si mwanzo. Watoto watanung'unika kwa wiki mbili hivi, kisha ulimi utazoea.

Kupimwa ni kazi ya dakika kumi na hakuumizi. Kaa kwanza kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza. Usipimwe ukiwa umetoka tu kupanda mlima, wala baada ya sigara. Mashine inatoa hesabu mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapokaza, ya chini ni pale unapolegea. Kijana mzima anatazamiwa kuwa chini ya 120 kwa 80. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, siku mbili tofauti, hiyo ni tansio, uwe na kichwa kinachouma au usiwe nacho. Kwa kawaida hakiumi. Katikati ya hizo ndipo kijana anapoweza kujirudisha mwenyewe kwa chumvi, sigara na pombe, bila kidonge. Pima angalau mara moja kwa mwaka, na uandike hesabu hizo katika daftari la shule pamoja na tarehe. Kama baba au mama yako alipooza au alikufa ghafla kabla hajazeeka, anza mapema na upime zaidi. Anayepewa vidonge asiviache kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anavinywa.

Wapo watakaosema tunawaletea ugonjwa wa Ulaya. Watafiti waliowapima watu wa Kivu ya Kusini, katika uchunguzi ulioitwa Vitaraa na kuchapishwa mwaka 2011, walionyesha kwamba tansio si jambo la nadra tena hapa kwetu. Kuna pia magonjwa mengine ya moyo yanayowapata vijana wetu, kama lile linaloanza na homa ya koo isiyotibiwa utotoni. Hayo tutayaandikia siku nyingine.

Limebaki jambo moja, na ni gumu kulisema. Huku Kalehe, na mpaka Bukavu, mtu mwenye nguvu akianguka ghafla, neno la kwanza linalotoka midomoni ni karuho. Amelishwa sumu. Watu wanaanza kuhesabu alikula kwa nani, nani alimpa kikombe, nani alimwonea wivu kwa madini aliyoyapata. Anapelekwa kwa mwenye dawa ya kutapisha, saa zinapita, na akifa, jirani mmoja hana tena usingizi katika kijiji hicho. Hatuingii katika ubishi wa sumu. Tunasema tu kwamba mshipa uliozibwa unaangusha mtu kwa namna ile ile, na kwamba kumtapisha mtu ambaye moyo wake unakufa, au aliyepooza koo, kunaweza kummaliza.

Kwa hiyo mwangalieni. Kifua kinachobanwa kama kwamba mfuko umewekwa juu yake, zaidi ya dakika chache, maumivu yakienda kwenye mkono wa kushoto, shingoni au taya, pamoja na jasho baridi na pumzi fupi: huo ni moyo. Uso ulioanguka upande mmoja, mkono usionyanyuka, maneno yanayochanganyika: hicho ni kichwa. Katika hali zote mbili asitembee, hata kama anasema anaweza. Wa kifua akae ameegemea; wa kupooza alazwe kwa ubavu, asipewe maji, chakula wala dawa ya mdomo. Mbebeni kwa machela mpaka dispensari iliyo karibu, kwa maana ziko dawa za kumpa mgonjwa wa moyo kabla ya safari, na kutoka Nyabibwe mpaka Bukavu ni kilomita kama 100 za barabara mnayoijua. Mmoja wenu aandike kwenye karatasi saa maumivu yalipoanza na kila dawa aliyokwisha kunywa, ya hospitali na ya kienyeji, bila kuficha, na karatasi hiyo apewe muganga wa kwanza mtakayemkuta.